Tuliokulia Kando ya Moto

Hakuna watu wagumu kuwaeleza habari za moto kama sisi tuliokulia kando yake. Mwambie mtu wa Njombe, wa Limuru au wa Kabale kwamba jiko la kuni sebuleni linataka kibali cha halmashauri, vipimo vya ukuta na fundi wa kufagia bomba la moshi kila mwaka, atakutazama kama mtu aliyeambiwa akate leseni ya kuchemsha maji. Moto tunaujua. Tungali watoto tulitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, tukalirudisha juu ya kigae cha chungu bila kuungua. Tumepuliza mafiga mpaka machozi yakatutoka. Tunajua kuni ipi inalia, ipi inatoa moshi, ipi inakaa mpaka alfajiri. Ndiyo maana nasema sisi ndio wa kuangaliwa kwanza. Ujuzi wetu ni wa kweli, ila ni ujuzi wa nyumba nyingine.

Mimi ni wa Njombe. Kwa bibi, jiko lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, paa la nyasi, kuta za udongo zisizogusa paa. Moshi ulitokea popote ulipotaka. Tena ulikuwa na kazi yake: juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito, na mahindi ya mbegu yalikaa pale mwaka mzima, meusi kwa masizi, dumuzi asithubutu kuyasogelea. Gharama ya hifadhi hiyo ilikuwa macho ya bibi, mekundu kila siku, na kikohozi ambacho sote tulikizoea tukadhani ni cha uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo zaidi ni moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Pale kwetu sikuwahi kumsikia mtu akiuhusisha ule moshi na kile kikohozi. Moshi ulikuwa sehemu ya jiko, basi.

Sasa naishi Doonside, magharibi ya Sydney, kituo kimoja baada ya Blacktown ukielekea Rooty Hill, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Watalii wanaijua kwa Featherdale, bustani ya wanyama wanakokwenda kupiga picha na koala. Sisi wakazi tunaijua kwa joto. Penrith, ambayo haiko mbali, ilifika nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Kwa hiyo mtu anayehamia huku akitoka Dar es Salaam hudhani amefika nyumbani, mpaka Julai imkute. Bonde la Sydney hukusanya baridi usiku. Nyuzi tatu, nne, na asubuhi umande umeganda kwenye nyasi. Nyumba nyingi za hapa zilijengwa na watu waliokuwa wakiwaza kiangazi tu: kuta nyembamba, madirisha ya kioo kimoja, sakafu inayopitisha upepo kwa chini. Mume wangu ni mtu wa Tanga na baridi ni adui yake wa binafsi. Majira ya baridi ya kwanza alilala amevaa koti.

Nyumba tuliyonunua ni ya miaka ya 1970, matofali, paa la vigae, na sebuleni lilikuwamo jiko la kuni la chuma lililoachwa na mwenye nyumba. Dalali alilipigapiga kwa kiganja akasema liko sawa, ni kutia kuni tu. Mume wangu akafurahi kuliko alivyofurahia nyumba yenyewe. Mimi nilitaka fundi alione kwanza. Sikuwa na shaka na jiko. Nilikuwa na shaka na dalali.

Fundi alikuwa mzee wa asili ya Kimalta; Wamalta wamekaa magharibi ya Sydney kwa vizazi. Alipoingia hakuligusa jiko. Aliomba ngazi na kutaka kujua mlango wa darini uko wapi.

Alikaa kule juu muda mrefu, tunamsikia akitembea juu ya boriti. Aliposhuka akaniambia nipande nikaone mwenyewe. Bomba la moshi lilikuwa la tabaka moja, limepenya dari na kupita karibu kabisa na ubao wa kenchi. Ubao ule upande unaotazama bomba ulikuwa mweusi, umepasuka vipande vidogo vidogo vya mraba. Nilikwaruza kwa ukucha, unga mweusi ukatoka. Chini ya unga ubao ulikuwa wa kahawia, mkavu kupita kiasi, unanuka moshi uliopoa zamani. Nyumba ile haikuwahi kushika moto. Ubao ulikuwa umeungua bila kuwaka.

Alinieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya mafiga sikuwahi kulisikia. Mbao inayopashwa joto mwaka baada ya mwaka hubadilika polepole na kuwa kitu cha karibu na mkaa, na kadiri inavyobadilika ndivyo inavyohitaji joto dogo zaidi ili iwake. Jiko linaweza kutumika miaka ishirini salama, mwenyewe akaapa kwamba halina neno, kisha usiku mmoja likawasha kenchi kwa joto lilelile la siku zote. "Limefanya kazi siku zote" ndiyo hoja mbaya kuliko zote katika mambo ya majiko, na ndiyo ambayo dalali aliitumia.

Jiko lenyewe nalo lilikuwa halina kibao. Nyuma ya kila jiko la kisasa Australia kuna kibao cha chuma kinachosema limepimwa, linatoa vumbi la moshi kiasi gani, na linatakiwa likae umbali gani kutoka ukuta wa nyuma, wa pembeni na wa kona. Tangu mwaka 2019 jiko jipya haliruhusiwi kutoa zaidi ya gramu 1.5 za chembechembe kwa kila kilo ya kuni, na lazima angalau asilimia 60 ya nguvu ya kuni iingie chumbani iwe joto. New South Wales hairuhusu kuuza jiko lisilo na cheti. Wapenzi wa mitumba, na sisi ni wengi, wakumbuke hilo wanapoona jiko la bei ya kutupa limetangazwa: mara nyingi linauzwa rahisi kwa sababu hakuna fundi anayekubali kulifunga.

Basi lile la zamani likaenda kwenye vyuma chakavu. Kabla ya kufunga jipya fundi alisimama tena, safari hii kwa sababu ya dari. Nyumba za umri ule Sydney zina karatasi nyepesi za saruji na asbesto kwenye kuta za chooni, chumba cha kufulia, chini ya mapaa. Australia ilipiga marufuku asbesto zote kuanzia tarehe 31 Desemba 2003, lakini zilizokwisha kujengwa zipo palepale zinasubiri mtu mwenye drili. Kukata tundu la bomba kwenye dari ya asbesto bila kujua ni kumwaga nyuzi zake sebuleni. Kipande kidogo kilipelekwa maabara. Dari yetu ikaonekana ni jasi tupu, bali karatasi za chini ya ukingo wa paa zilikuwa nazo. Tukaziacha bila kuzigusa, zimepakwa rangi, na bomba likapangwa lipite mbali nazo. Wengi wetu tumesoma katika madarasa yenye paa la asbesto. Tulizipanda na kuzivunja tukitafuta mpira.

Halafu kibali. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya New South Wales ya mwaka 1993 kinataka jiko la aina hii liidhinishwe na halmashauri kabla ya kufungwa. Mume wangu alilalamika wiki nzima. Kwake halmashauri na kuni ni vitu viwili visivyofahamiana. Mimi nilizisoma zile fomu na kitu kimoja kikanigusa: karibu maswali yote yalihusu moshi. Bomba litatokea wapi juu ya paa, litakuwa refu kiasi gani, nyumba ya jirani iko umbali gani, paa lake lina kimo gani. Jiko lenyewe lilitajwa kwa mistari michache, jina na namba ya cheti. Waliotunga fomu walijua kwamba sanduku la chuma linaweza kununuliwa na mtu yeyote dukani, na kwamba kazi iko kwenye bomba.

Na ndivyo ilivyo. Jiko la kuni halina injini. Kinachovuta hewa iingie mlangoni na moshi upande juu ni hewa ya moto ndani ya bomba, nyepesi kuliko hewa ya nje, ikipanda. Bomba likiwa fupi mvuto unakuwa hafifu, moto unasinzia, moshi unarudi chumbani. Kipimo cha Australia na New Zealand cha ufungaji, AS/NZS 2918, kinataka ncha ya bomba iwe si chini ya mita 4.6 juu ya sakafu ya kinga iliyo chini ya jiko. Kama bomba limetokea karibu na mgongo wa paa, ndani ya mita 3, lazima liupite mgongo huo kwa milimita 600 ili upepo unaoruka paa usiusukume moshi kurudi chini. Ukiona Doonside bomba lililokatwa fupi ili lisionekane barabarani, ujue ndani ya nyumba ile kuna mtu anayefungua madirisha Julai.

Palepale penye ubao ulioungua, fundi alikata kipande kibovu, akaimarisha kenchi, kisha akapitisha bomba la tabaka tatu: la ndani la chuma kisichoshika kutu linalobeba moshi, na maganda mawili ya kulizunguka, kati yake hewa tupu. Hewa ile inapita na kuchukua joto kabla halijafika kwenye mbao. Alisogeza pia sufi ya kuzuia joto iliyotandikwa darini, maana mtu akiirundika mpaka iguse ganda la nje ameiziba hewa na kuharibu kazi yote. Chini, sakafu ya mbao ilifunikwa kwa ubao wa saruji na vigae, ikatokeza mbele ya mlango wa jiko kwa zaidi ya milimita 300. Kaa likidondoka wakati wa kutia kuni lidondokee hapo.

Alipomaliza hakuwasha moto. Alifunga milango na madirisha yote, akawasha feni ya kuvuta moshi wa kupikia jikoni kwa nguvu zote, kisha akafungua mlango wa jiko kidogo na kuweka kiberiti kinachowaka mbele yake. Nilitarajia ule mwali uinamie ndani ya jiko, kuelekea bombani. Uliinamia kwetu. Feni ya jikoni ilikuwa ikitoa hewa nje kwa wingi, nyumba imefungwa, na hewa ya kujaza nafasi ilikuwa inashuka kupitia bomba la jiko. Kungekuwa na moto mle, moshi wote ungekuja sebuleni. Akafungua dirisha la jikoni kiasi cha vidole viwili, mwali ukageuka. Tangu siku hiyo hakuna anayepika chapati kwangu feni ikinguruma na jiko likiwaka bila dirisha hilo kuwa wazi.

Kiberiti kile kilinifundisha kuliko karatasi zote. Kibanda cha bibi kingeshinda jaribio lile kwa kila upande kwa sababu kilikuwa kimetoboka. Nyumba ya Sydney, hata hii ya zamani yenye upepo sakafuni, ni ya kufungwa, na ndani ya kitu kilichofungwa moto hugombania hewa na watu. Bibi angeuwasha moto vizuri kuliko fundi yule. Lakini hapakuwa na sababu yoyote ya yeye kujua habari za feni.

Kuni zilinirudisha nyumbani bila kutegemea. Kijana aliyetuletea mzigo wa kwanza alimwaga mti wa ironbark, mti mzito wa huku unaowaka taratibu na kuacha makaa mengi, na vipande vyembamba vya kuwashia. Nikachukua kimoja, nikanusa gome: mwati. Njombe imezungukwa na miwati. Kampuni ya miwati ya Tanganyika ilianza kuipanda kule mwaka 1949 kwa ajili ya tanini ya gome, ya kutengeneza ngozi, na watu wakabaki na kuni. Mti wenyewe asili yake ni kusini mashariki mwa Australia, sawa na mikaratusi iliyojaa nyanda zetu za juu. Nimekulia juu ya kuni za watu hawa nisijue.

Kwa hiyo mti naujua, ila ukavu wake hapa una vipimo vyake. Gogo lililokatwa jana linaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ukilitia jikoni, moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo, bomba linapoa, na moshi wenye mvuke unaganda ndani ya bomba kuwa lami nyeusi. Kuni zikae miezi minane mpaka kumi na miwili zimepasuliwa, zimeinuliwa kutoka ardhini, juu zimefunikwa na pembeni upepo unapita, mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kuna kifaa kidogo chenye sindano mbili cha kuupima, bei yake si kubwa. Wengi wanakosea kukichoma kwenye ncha ya gogo, ambayo hukauka kwanza. Lipasue gogo, pima katikati. Au fanya alivyofanya bibi: gonganisha vipande viwili. Kikavu kinalia, kibichi kinasema "tu".

Jambo moja nalisema kwa ukali. Huku watu hutupa mbao kando ya barabara halmashauri inapopita kuchukua vitu vikubwa, na sisi hatupendi kuona ubao mzuri ukipotea. Mbao za uzio, za baraza za nje, za bustani, mara nyingi ni misonobari iliyotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki ili mchwa wasiile. Nyingine ina rangi ya kijanikijani, nyingine imeshapauka hujui. Ukiichoma, aseniki inatoka na moshi, na inayobaki iko kwenye majivu ambayo mtoto atayachezea au wewe utayamwaga kwenye mchicha. Ubao usioujua ulikotoka usiutie jikoni. Ubao wenye rangi, ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ubao wa kabati la zamani, hivyo hivyo.

Upande wetu wa kushoto anaishi mama Mfilipino na watoto wake. Blacktown ina Wafilipino wengi. Mdogo wao ana pumu. Usiku wa baridi usio na upepo hewa ya Sydney hutulia kama imefunikwa: baridi chini, joto juu, moshi haupandi. Nyakati hizo majiko ya kuni ndiyo chanzo kikubwa cha chembechembe laini katika hewa ya jiji hili, chembechembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, ingawa nyumba zenye majiko hayo ni chache. Sheria inampa jirani njia: moshi unaoonekana ukitoka mfululizo kwa dakika 10, na ndani ya muda huo ukaonekana kwa sekunde 30 umetanda angalau mita 10 kutoka bombani, ni moshi wa kupita kiasi, na halmashauri inaweza kukupa notisi ya kuupunguza. Mama yule hajawahi kunipeleka popote. Alinijia na sahani ya maandazi yao ya mchele, akaniambia mtoto hulala chumba cha upande wetu, na kwamba bomba letu huanza kutoa moshi saa kumi na mbili jioni.

Nikaanza kutoka nje kila ninapowasha, nisimame barabarani nitazame ncha ya bomba. Kila mwenye jiko afanye hivyo. Ndani ya nyumba huwezi kujua unawatoza wenzako nini. Dakika za kwanza moshi upo. Ukiacha matundu ya hewa wazi kabisa robo saa mpaka dakika ishirini, ukatia vipande vyembamba vingi badala ya gogo moja nene, moshi unapotea na inabaki hewa inayotetema tu. Kosa kubwa ni lile tulilolirithi kama sifa: kuufunika moto ukeshe. Kwa bibi, moto uliokesha chini ya majivu ulikuwa ustadi, kiberiti kilikuwa ghali. Katika jiko la chuma, kubana hewa usiku ili gogo lisinzie mpaka asubuhi kunampa jirani moshi wa saa nane na kulipaka bomba lami. Acha moto ufe. Vaa soksi.

Lami hiyo ndiyo sababu ya kufagia. Mara ya kwanza fundi alipokuja kusafisha nilishika tochi. Alivua kofia ya bomba juu ya paa, akasukuma brashi ya waya kwa fimbo zinazoungwa moja baada ya nyingine, na ndani ya jiko, nyuma ya turubai alilotega, masizi yakaanguka kwa mchakacho. Yakiwa mepesi, makavu, ya kuvunjika vidoleni, uliwasha vizuri. Yakiwa yanang'aa, magumu, yanashikilia chuma, ulibana hewa au kuni zilikuwa mbichi, na yale ndiyo yanayowaka. Moto wa masizi ndani ya bomba unaweza kupita nyuzi 1,000, unanguruma, na waliopatwa nao husema walidhani ndege inapita. Ikitokea: funga mlango na matundu ya hewa, watoe watu wote nje, piga 000. Usimwage maji.

Mengine ya mwaka hayahitaji fundi. Kamba ya kuzibia mlango hukakamaa na kukonda. Funga mlango ukiwa umebana karatasi, na kama karatasi inachomoka bila kukataa, kamba imekwisha. Kwaruza gundi ya zamani yote mpaka chuma kionekane, paka gundi ya kuhimili moto, laza kamba mpya bila kuivuta, maana ukiivuta itarudi na kuacha pengo penye bawaba. Tofali la ndani lenye ufa si neno, lililomomonyoka libadilishwe. Bamba la chuma la juu linaloulazimisha moshi uzunguke kabla ya kutoka hupinda kwa joto, lichunguze. Kioo hufutwa kwa gazeti lenye maji lililochovywa kwenye majivu, na kinang'aa bila dawa ya dukani. Majivu yenyewe acha kitanda chembamba chini, mengine toa kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, iweke nje juu ya saruji mbali na ukuta. Kaa linaweza kukaa hai ndani ya majivu siku kadhaa. Ndoo ya plastiki na mfuko wa taka vimechoma nyumba nyingi duniani.

Baba mmoja wa Bukavu tunayesali naye alinisikiliza nikieleza haya yote siku moja baada ya ibada, akacheka kwa heshima. Yeye hana jiko la kuni, nyumba ni ya kupanga. Usiku wa baridi huwasha mkaa wa kuchomea nyama kwenye babula, jiko la mkaa la kwao, akaungoja uwe mwekundu bila moshi, akauingiza ndani.

"Dada," akasema, "kwetu tulikuwa tunalala na babula ndani ya nyumba, na tuko hapa."

"Baba, nyumba yenu ilikuwa ya nini?"

"Ya mbao."

"Upepo ulikuwa unapita?"

Akanyamaza. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasinzia, na kusinzia usiku hakumshangazi mtu. Kila Juni na Julai magazeti ya kwetu huandika habari za familia zilizokutwa asubuhi na jiko la mkaa chumbani, Makete, Mbeya, Nyandarua, na kikosi cha zimamoto cha New South Wales kila mwaka hurudia onyo hilohilo kwa wakazi wa hapa. Kengele ya moshi, ambayo tangu Mei 2006 ni lazima kwa kila nyumba katika jimbo hili, haiinusi gesi hiyo. Inatakiwa kengele yake nyingine. Nilimnunulia moja. Wiki iliyofuata mkewe aliniambia babula imehamishiwa uani, na mzee amenunua blanketi la umeme na sasa halitoki kitandani.

Watu wakiniuliza leo kama wafunge jiko la kuni, jibu langu huwaudhi. Kwa nyumba nyingi za Doonside, nunua kiyoyozi kinachopasha joto pia, ziba nyufa za milango, tia sufi darini. Itakugharimu kidogo na mtoto wa jirani atalala. Eneo la Mji Mkuu, Canberra, limeshatangaza kuyaondoa majiko ya kuni kufikia mwaka 2045, na sitashangaa Sydney ikifuata. Mimi ninalo, nalipenda, na ninajua raha hiyo inalipiwa na wengine ikiwa sitatoka nje kutazama bomba. Asiyekuwa tayari kupanda ngazi, kukausha kuni mwaka mzima na kumlipa mtu wa brashi, asianze.

Na kama tayari unalo, usingoje baridi. Mpigie fundi wa bomba mwezi wa tatu, mwambie aanzie darini. Kuanzia Mei wote wana foleni.